Kalulu wa Kambo na Kalulu wa Wimbo

Nani kati yetu hakumsikiliza kambo akisimulia habari za Kalulu? Mnyama mdogo, hana pembe wala meno makali, lakini iko na mayele. Leo Kalulu ametoka kando ya moto akaingia mu nyimbo. Vijana wetu wanaoimba wanajiita Kalulu: mdogo asiye na kitu, anayejitafutia. Si ajabu. Huko Zimbabwe kuna muziki wa gita unaoitwa sungura, jina la Kiswahili la mnyama huyu.

Lakini tuulize: je, mayele yote ni mema?

Tukumbuke hadithi ya kisima. Jua lilikausha mito, wanyama wote wakachimba. Kalulu alikataa, eti yeye anakunywa umande. Usiku akaja kunywa maji ya jasho la wenzake, na kuyachafua. Mwisho Kobe alipakwa ulimbo, akajificha majini, Kalulu akanaswa. Batoto tulicheka. Kambo hakucheka: "Munaona? Ule hakuchimba."

Hapa Kasulo tunajua kuchimba. Tangu 2014, kobalti ilipoonekana chini ya nyumba zetu, watu walichimba hata mu parsele zao. Mchimbaji anayempita kwa akili mnunuzi mwenye mizani ya uongo anajiita Kalulu. Anayefuata mshipa wa mawe mpaka chini ya kitanda cha jirani, naye anajiita Kalulu. Je, ni Kalulu mmoja? Hapana. Wa kwanza anapambana na Simba, anatetea chakula cha batoto wake. Wa pili anakunywa kisima cha wenzake. Mayele ni yale yale. Tofauti ni yule anayedanganywa. Njo pale haki inapopimwa.

Kijana mmoja muimbaji alinijibu: "Papa, wimbo ni wa kucheza, si katekisimu." Ni kweli, na wimbo wa mafundisho matupu hakuna atakayeucheza. Lakini moto wa jioni umezimika mu nyumba nyingi, na mtoto anamjua Kalulu paka kwa wimbo. Ukimuimbia nusu ya hadithi, atakua na nusu hiyo, na kesho atashika chepeo chini ya nyumba ya mwenzake.

Basi, ndugu waimbaji, mutuimbie Kalulu mzima: yule aliyemshinda Simba, na yule aliyenaswa kisimani, ulimbo mikononi.