Dhima ya Nunda

Katika mabaraza ya Ng'ambo, hapa Mlandege na mitaa iliyo jirani, wapo watu wazima wenye kushikilia kwamba ngano za kale zilikuwa za kuwalazia watoto tu, na kwamba akili ya msomaji iliamshwa pale Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alipotuletea mpelelezi Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyoshinda mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki ya 1957-1958 na kupigwa chapa mwaka wa 1960. Riwaya hiyo naienzi, lakini dai lenyewe silikubali. Ni fahari yetu kwamba, maiti ilipoonekana mzimuni na kila ulimi ukataja mashetani, alitokea mtu akayapima maneno ya watu mmoja mmoja hata akaudhihirisha mkono wa binadamu. Wala hilo halipingani na dini, ambayo inatuwajibisha kuamini ghaibu, na papo hapo inamkataza kadhi asihukumu bila ya ushahidi.

Lakini iangalie ngano ya Sultani Majnuni, ambayo Edward Steere aliipokea hapa Unguja akaichapisha London mwaka 1870. Paka wa Sultani alikula ndama. Watu wakaenda kushitaki, wakajibiwa kwamba paka ni wa Sultani na ndama ni wa Sultani vile vile. Akala mbuzi, akala ng'ombe, punda na ngamia, na jawabu likawa lile lile; akala mtoto wa watu, na jawabu halikubadilika; hata alipowaua wana watatu wa Sultani mwenyewe, ndipo mfalme alipotamka kuwa huyo si paka, ni nunda. Muda wote huo mnyama alikuwa ni yule yule.

Bwana Msa akishampata muuaji, kitabu hufungwa na mji hulala, kwa kuwa dhima yote imekwisha kuwekwa juu ya shingo moja. Ngano haimfichi mhalifu tangu mwanzo, kwani inalotaka kujua ni zito zaidi: dhambi ya nunda ni ya paka aliyefuata tabia aliyoumbiwa, au ya bwana aliyempenda akadharau mashitaka, au ya raia waliorudi majumbani kwao kimya? Mnyama hana taklifu. Hesabu basi huwabakia wenye akili.

Na aliyemwua nunda ni mwana wa saba, Mkaa-jikoni, aliyedharauliwa na baba yake. Kila alipoua mnyama alimpeleka kwa mama yake, akidhani amempata, naye mama akamwambia siye, nunda ni mkubwa kuliko huyu, kijana akarudi mwituni. Kijana huyu, kwa subira yake ya kujaribu na kukanushwa, namwona kuwa ndiye jadi ya Bwana Msa. Riwaya ninayoingojea ni ya mpelelezi atakayemkamata muuaji, kisha akapanda ngazi mpaka kwa yule aliyekuwa akiletewa mashitaka ya ndama.