Tairi la Kaka

Kaka mmoja tuliyezoeana Houston, mzaliwa wa Tanga, alikuwa na hamu kubwa ya kushiriki Iron Butt Rally. Haya ni mashindano ya pikipiki ya Marekani yaliyoanza mwaka 1984: siku 11 barabarani, maili zipatazo 11,000, yaani karibu kilomita 17,700. Wengi hujipima kwanza kwa safari fupi iitwayo SaddleSore 1000, maili 1,000 ndani ya saa 24, na risiti za vituo vya mafuta ndizo ushahidi wako. Tukapanga kwenda wote wawili: Houston hadi Fort Stockton na kurudi, kwa barabara kuu ya I-10.

Kaka alijiandaa kweli. Siti alibadilisha, taa akaongeza, maji na karanga akafunga mahali mkono unapofika bila kusimama. Tairi la nyuma tu ndilo aliloliacha kama lilivyo. Lilikuwa tairi la mbio, la mpira laini unaong'ang'ania lami kwenye kona, na lilikwisha kutembea kilomita 3,000.

Jioni ya kuamkia safari nilichuchumaa nyuma ya pikipiki yake kumsaidia kufunga mabegi. Pembeni tairi lilikuwa kama jipya, hata vile vinyweleo vya kiwandani bado vimesimama. Katikati, upana wa vidole vitatu, lilikuwa bapa. Nikapitisha kidole kwenye mfereji wa kashata, kikagusa kile kinundu cha mpira ambacho kiwanda hukiweka chini kabisa kuonyesha kwamba tairi limefika mwisho wake. Kinundu na uso wa tairi vilikuwa karibu sawa. Nikainua macho. Kaka ananizidi miaka kumi na mitano. Ndiye aliyenipokea uwanja wa ndege nilipofika nchi hii, na ndiye aliyenifundisha kuendesha pikipiki. Nikanyamaza.

Tuliondoka saa kumi alfajiri. Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa Julai. Ukishaipita San Antonio na vilima vyake, magharibi ya Texas inanyooka, na huko sheria inaruhusu maili 80 kwa saa. Unakwenda saa nzima bila kulaza pikipiki hata mara moja. Barabara ya namna hiyo haigusi mpira wa pembeni. Inakula katikati tu, na lami ya Julai inaunguza. Juu ya hayo, kaka alikuwa amepunguza upepo. Kitabu cha pikipiki yake kinataka psi 42, yeye aliweka 34, mazoea ya watu wa mbio wanaotaka tairi lishike. Tairi lenye upepo mdogo na mzigo mzito hujikunja kila linapozunguka, na kule kujikunja ndiko kunakolichemsha.

Fort Stockton tulifika saa saba na nusu mchana. Kaka alipokuwa akingoja risiti, nikainama tena. Safari hii sikuhitaji kidole. Katikati ya weusi palikuwa na mstari mwembamba wa nyuzi, umetokeza kama mshono wa nguo iliyopauka.

"Kaka, haturudi na tairi hili."

"Pembeni bado lina kashata, mdogo wangu. Tutakwenda taratibu."

"Kaka, pembeni hatupiti."

Alilitazama kwa muda mrefu. Kisha akazima pikipiki, akachomoa ufunguo. Duka la tairi tulilolipata lilikuwa limefungwa, na kesho yake tuliambiwa saizi yake hawana. Pikipiki ilirudi Houston juu ya gari la kubebea mizigo, na nauli yake ingenunua matairi mawili mapya.

Angefunga tairi la safari, lile linalotiwa mpira mgumu katikati na laini pembeni, angekwenda na kurudi na likabaki na maisha marefu. Asingetafuta mbali, maana ubavu wa tairi unasema mengi. Namba ya mzigo ipo: 73 ni kilo 365, 75 ni kilo 387, na humo hesabu uzito wa pikipiki unaolielemea tairi lile, wako wewe, na wa mabegi. Tarehe ipo pia: 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Tairi lililokaa miaka mingi dukani mpira wake hukakamaa, hata kama kashata zake hazijaguswa. Upepo nao hupimwa asubuhi, tairi likiwa baridi, si kituoni baada ya kukimbia.

Lakini hayo yote niliyajua ile jioni nilipochuchumaa, na sikuyasema. Lau tairi lile lingepasuka maili 80 kwa saa, ningemwambia nini mkewe? Ndugu msomaji uliyelelewa kutomkosoa mkubwa, mheshimu kwa mengine yote. Ukiona tairi lake limeisha, mwambie kabla hajawasha pikipiki.