Kifuniko cha Rejeta



Lori linalotoka Dodoma kwenda Babati na Arusha halina shida hadi Kondoa. Ni lami tupu, barabara iliyozinduliwa mwaka 2018, na wenye umri wanaokumbuka vumbi la zamani bado wanaishukuru. Likishafika Kolo, barabara inaanza kujipinda na kupanda kuelekea Bereko. Hapo si ajabu kukuta semi-trela imeegeshwa kando, mvuke unafuka, utingo anazunguka na dumu akiomba maji. Muulize dereva, atakuambia mlima huu mbaya.

Mlima unasingiziwa. Fundi yeyote atakwambia gari linalochemsha Kolo lilikuwa linaumwa tangu tambarare. Rejeta imezibwa na vumbi na wadudu kwa nje, na kwa ndani imeganda chokaa, maana tajiri aliona kulanti ni gharama, wakawa wanajaza maji ya kisima, na visima vingi vya Dodoma vina maji ya chumvi. Mkanda wa feni umelegea. Pampu ya maji inavuja tone moja moja. Tambarare upepo wa mwendo hufunika kasoro hizo. Mlimani mwendo unapungua, injini inabeba mzigo uleule kwa nguvu zaidi, na upepo wa kusaidia haupo. Dereva mwenye kiburi cha kung'ang'ania gia kubwa anazidisha balaa, kwa kuwa injini ikizunguka polepole, pampu nayo hupeleka maji polepole.

Halafu kuna wale wanaong'oa themostati kwa hoja kwamba nchi yetu ina joto, ya nini? Katika injini nyingi za malori, ikishang'olewa, sehemu ya maji hupita njia ya mkato na kurudi kwenye injini bila kufika kwenye rejeta. Dawa inageuka ugonjwa.

Nimeliona jambo hilohilo kwenye vikao vya usuluhishi wa ndoa. Mume anasema: alinijibu mbele ya wageni. Mke anasema: alirudi saa saba usiku. Hiyo ndiyo Kolo yao, na kila mmoja anaapa kwamba tatizo ni kilima hicho. Tukirudi nyuma taratibu tunakuta mambo ya miaka: shamba lililouzwa bila kuambiana, mama mkwe asiyejuliwa hali, mtu aliyechoka na hakuna aliyewahi kumuuliza amelalaje.

Lakini kinachonisumbua wiki hii ni sisi tunaokuja kusaidia. Injini ikichemsha, kosa la kwanza ni kufungua kifuniko cha rejeta papo hapo. Maji mle ndani yamebanwa kwa shinikizo, kwa hiyo yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua, shinikizo linashuka ghafla, yanalipuka kuwa mvuke na kukubabua uso. Kosa la pili ni kumwaga maji baridi kwenye chuma chenye moto: silinda hedi inapasuka, na safari ya Arusha imekwisha. Sisi watu wa kanisa tunafanya yote mawili jioni ileile ya ugomvi. Tunataka mtu aseme kila kitu sasa hivi, kisha tunammwagia mistari ya Biblia.

Someni Wafalme wa Kwanza, sura ya 19. Eliya amemkimbia Yezebeli, amelala chini ya mti jangwani na ameomba afe. Malaika hamhoji wala hamkemei. Anamgusa, anampa mkate na maji, anamwacha alale tena. Anarudi mara ya pili na chakula. Swali la Mungu, unafanya nini hapa, linakuja baadaye kabisa, baada ya mwendo wa siku 40 hadi Horebu. Na hata wakati huo Eliya anaachwa alalamike hadi mwisho, tena mara mbili, kwa maneno yaleyale.

Kwa hiyo katika jumuiya zetu kikao cha usuluhishi kisiitishwe tena siku ya ugomvi. Viongozi wapite nyumbani kwanza, bila daftari, wakae, waondoke. Kikao kitafuata siku wahusika watakapokuwa tayari. Akina mama wamekubali kupika uji wa kupeleka. Mwenye sukari alete.