Shamba la Babu Lilikuwa la Nani?

Mtu akisoma hadithi ya watu wa mbali hata akalia, je, amekwisha kuwaelewa? Swali hili lilinipata hapa Muheto, nami naliona gumu kuliko nilivyodhani.

Nilipokuwa seminari ndogo nilisoma kitabu cha Mmarekani John Steinbeck kiitwacho kwa Kifaransa Les Raisins de la colère, ndiyo kusema Zabibu za Hasira. Kilitolewa mwaka 1939. Kinasimulia habari za jamaa ya Joad, wakulima wa Oklahoma waliofukuzwa shambani. Walipakia magodoro, sufuria na wazee wao juu ya gari bovu, wakashika njia ya California, walikoambiwa kazi ni tele. Babu akafa njiani, bibi naye akafa. Walipofika wakakuta makambi, njaa, na wenyeji waliowaita kwa jina la dharau.

Basi kitabu hiki nimekuwa nikiwasimulia vijana wetu jioni ya Dominika, kipande kwa kipande, maana nakala ni moja tu. Wengi wao walilala chini ya turubai huko Bulengo, karibu na Goma, jamaa zao zilipokimbia vita mwaka 2023. Sikuwa na haja ya kuwaeleza kambi ni nini. Nilipofika pale Mama Joad anapokataa jamaa yake igawanyike njiani, msichana mmoja alisema, “Mwalimu, hawa ni sisi.” Nilifurahi, nikadhani kazi yangu imekwisha.

Lakini mzee mmoja aliyeingia kujikinga mvua akauliza, “Hilo shamba walilofukuzwa, babu yao alilitoa wapi?”

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesoma kitabu hicho mara mbili nzima, wala swali hilo halikunijia hata siku moja.

Nikaanza kutafuta, na la kwanza nililoona ni kwamba “hawa ni sisi” haikuwa kweli yote. Akina Joad hawakufukuzwa na bunduki. Walikuwa wapangaji, na shamba lilikuwa limekwisha kuingia mkononi mwa matajiri na benki. Bei ya pamba ilikuwa imeanguka na mvua zilikosekana. Tena kwa sheria ya mwaka 1933 serikali iliwalipa wenye ardhi ili wapunguze kulima pamba, nao wengi wakatumia fedha ile kununua trakta. Trakta moja ilifanya kazi ya jamaa nyingi, basi wapangaji wakaambiwa waondoke. Mtu asiyejua mambo haya atadhani kisa chote ni vumbi na bahati mbaya, kumbe mna karatasi zilizotiwa sahihi na watu ambao mkulima hakuwaona hata siku moja.

Halafu nikarudi kwenye swali la mzee. Jibu limo kitabuni, katika sura ya tano, nami nilikuwa nimelipita mbio. Wakulima wanapoambiwa watoke, wanajitetea kwamba babu aliipata ardhi ile kwa kuwaua na kuwafukuza Wahindi Wekundu, yaani wenyeji wa nchi. Wanalisema kama haki yao! Steinbeck haongezi neno, anaendelea na safari.

Mji wa akina Joad ni Sallisaw, mji wa kweli, nao umo katika nchi iliyokuwa ya Wacherokee. Karibu nao ilijengwa nyumba ya Sequoyah, yule aliyewabunia Wacherokee maandishi ya lugha yao, yaliyokamilika mwaka 1821. Lakini Wacherokee nao wengi waliletwa huko kwa nguvu. Mwaka 1838 askari waliwatoa katika milima yao ya mashariki, wakatembezwa mwendo wa miezi, na maelfu wakafa. Walikopelekwa napo hapakuwa patupu: Waosage walikuwa wamesukumwa pembeni kwanza. Baadaye, kwa sheria ya mwaka 1898, ardhi ya Wacherokee ilikatwa vipande vipande, na mwaka 1907 nchi yote ikawa jimbo la Oklahoma.

Sikulaumu mwandishi. Mwaka 1936 alikwenda mwenyewe katika makambi ya California kuandika habari kwa gazeti, akaona kwa macho yake. Kitabu kilipotoka, wakuu wa wilaya ya Kern walikiondoa katika maktaba zao, maana kilisema kweli iliyowachoma. Lakini gari la akina Joad halikuwa na nafasi ya kila mtu. Wamexico waliochuma matunda yale yale, ambao wengi wao walifukuzwa nchini katika miaka ile ile, wanatajwa kidogo tu. Atakayeuliza habari za wasiopanda gari lile ni msomaji.

Hapa ndipo neno la yule msichana lilipoanza kunitisha. Nikisema “hawa ni sisi”, najitwalia pia usafi wao. Mimi nakuwa Joad, na jirani yangu anakuwa mwenye trakta. Katika Masisi yetu kila mlima una Joad wake. Mhunde atasema shamba lilikuwa la babu kabla Wabelgiji hawajaligawa. Mnyarwanda atasema babu yake aliletwa na serikali ile ile, kati ya 1937 na 1955, akafyeka msitu kwa mikono yake. Sheria ya 1973 ikasema udongo wote ni wa Serikali, na mwenye kujua njia za ofisini akapata malisho makubwa ya ng’ombe. Mwaka 1993 tukauana. Kila mmoja anasimulia safari ya gari lake, na safari hiyo ni ya kweli, nayo inaanza siku ile alipofukuzwa yeye.

Dominika iliyofuata niliwaeleza vijana habari za Sallisaw, tangu Wacherokee mpaka trakta. Nilikusudia kuishia hapo, lakini mzee alikuwa amerudi, naye akauliza kwa sauti, “Na hapa Muheto je?” Wakaanza kusema wote pamoja, kisha wakanyamaza wote pamoja. Kijana mmoja akaondoka kabla ya sala ya mwisho. Nilijiuliza usiku ule kama nimefanya vema, maana katekista huitiwa kutuliza watu.

Juma lililofuata kijana yule alirudi, akakaa karibu na mlango. Akaomba tusiendelee mbele kwanza. Alitaka nirudie sura ile ya tano, polepole, tangu mwanzo wake.