Macho Hayana Pazia

Jioni ya Jumapili, tarehe 29 Septemba 2019, nilikuwa nyumbani Likoni nangoja chai, simu ikatetema. Video fupi. Gari limeteleza kutoka MV Harambee, linaelea katikati ya kivuko, kisha linazama. Ndani mna mama na bintiye wa miaka 4.

Niliitazama mara tatu. Ya kwanza sikuelewa. Ya pili nilielewa. Ya tatu, wallahi, sina maelezo yake. Halafu nikaituma kwenye grupu la familia na chini yake nikaandika "Innalillahi", kana kwamba dua ni muhuri wa kupitishia mzigo.

Kesho yake shangazi akanipigia. Mwanawe wa miaka 7 alikuwa ameiona kwenye simu yake, sasa hataki kupanda feri kwenda shule ng'ambo. Hakunifokea. Aliniuliza tu: "Mwanangu, ile ulituletea ya nini?"

Nimekaa na swali hilo miaka yote hii.

Jibu la haraka ni lile la wahenga: macho hayana pazia. Na si ya leo. Plato, kwenye *Jamhuri*, anasimulia habari za Leontius, aliyekuwa akipanda kutoka bandari ya Piraeus kuelekea Athens akaona maiti karibu na mnyongaji. Alitaka kutazama na papo hapo akajichukia kwa kutaka. Akajifunika uso, akapigana na nafsi yake, mwishowe akashindwa. Akakimbilia maiti macho yameiva, huku akiyatukana macho yake mwenyewe.

Basi uchu huo ni wa kale, haukuletwa na simu. Lakini ona tofauti: Leontius aliwaacha wale maiti palepale. Hakumbebea mtu yeyote nyumbani kwake. Mimi nilibeba. Kuona ni tendo moja, kupeleka ni jingine, na tumezoea kuomba msamaha wa la pili kwa udhuru wa la kwanza. Macho hayana pazia, sawa. Kidole je? Kidole kina mwenyewe.

Kuna utetezi wa pili, na huu una uzito. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilipinduka Mtongwe, watu 272 wakafa. Hakukuwa na simu za kurekodi, na wengi wetu tunaijua ajali ile kwa masimulizi ya wazee tu. Mwaka 2019 nchi nzima iliona, ikauliza kwa nini hakuna aliyeruka kuwaokoa, ikasubiri mpaka miili ilipotolewa majini tarehe 11 Oktoba. Bila picha, neno la wakubwa huwa ndilo neno pekee. Hilo silikatai.

Ila ushahidi una anwani. Unapelekwa kwa mpelelezi, kwa mahakama, kwa mwandishi atakayeuliza maswali, kwa familia ikitaka. Mtoto wa shangazi si hakimu. Hakuna hata mmoja kwenye grupu letu ambaye angefanya lolote na video ile. Nikisema kweli, sikuituma ili mtu aulize. Niliituma ili niwe wa kwanza.

Wengine husema, kwani tatizo liko wapi, mitandao ina watu wa kufuta. Wapo, tena wengine walikuwa hapo Nairobi. Mwaka 2022 Daniel Motaung, aliyefanya kazi ya kuchuja maudhui ya Facebook, alizishtaki Sama na Meta akisema kazi ile ilimuumiza akili. Kumbe hata kufuta kunataka mtu atazame kwanza. Uchafu ninaoutupa barabarani kuna kijana mwenzangu anayeuzoa kwa macho yake.

Sasa, je, tufumbe macho? Hapana. Kwetu Pwani kuna watu wanaowaona maiti kuliko sote: waoshaji. Wao huosha mwili ukiwa umefunikwa, mkono ukipita chini ya nguo, na walichokiona hawakitoi nje. Kuona kwao kuna kazi, na kazi ikiisha, mdomo unafungwa. Hiyo ndiyo stara. Si kutojua, ni kujua na kusitiri.

Nadhani jibu la shangazi limo humo. Jambo la kutisha lina haki ya kutazamwa na yule atakayelifanyia kitu. Wale wawili waliwekwa mikononi mwetu sote jioni ile, nasi tukavuta shuka barabarani. Na wahenga hawakumaliza kwenye macho. Walisema pia, mwosha huoshwa. Kila siku navuka maji yaleyale. Siku yangu ikifika, nitakuwa mkononi mwa mtu mwenye bando.

Niliifuta video, nimechelewa. Nilimwomba shangazi radhi. Mtoto siku hizi anavuka, ila husimama katikati kabisa, mbali na ukingo.

Majuzi bodaboda iligongwa karibu na stendi. Simu zikapanda juu kama kawaida. Mkono wangu nao ulienda mfukoni, sitadanganya. Kabla sijaitoa, mama mmoja muuza viazi karai alipita katikati yetu, akavua leso ya mabegani, akamfunika yule kijana mapaja yaliyokuwa wazi, akaita watu wamnyanyue.

Simu zikashuka. Si zote.