Misitu ya Kaya na Amana ya Muislamu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake. Ama baada ya hayo:

Husikika miongoni mwetu hoja ya kwamba misitu ya kaya za Wamijikenda ni mahali pa mizimu na matambiko, basi Muislamu akikata mti humo hana kosa. Hoja hii yataka kupimwa kwa mizani ya dini, si kwa matamanio ya nafsi.

Kaya zilikuwa miji yenye maboma katikati ya msitu. Kufikia miaka ya 1940 wenyewe walikwisha kuhama, lakini wazee wao wakaendelea kuzilinda, wakakataza kukata miti. Mwaka 2008 UNESCO iliziandika baadhi yake, kama Kinondo, Kauma, Ribe na Kambe, katika Urithi wa Dunia. Misitu mingi ya pwani imekwisha kuliwa na mashamba na majumba. Hii imesalia kwa sababu wazee walisema hapana.

Sisi hatukubali kuomba mzimu. Huo ni ushirikina, wala hatutauficha kwa kupenda miti. Lakini kuikataa itikadi ya mtu si kulikataa kila jema alitendalo. Kabla ya utume, Mtume (s.a.w.) alihudhuria mapatano ya Hilful-Fudhul nyumbani kwa Abdallah bin Jud-an, ambapo Makureshi waliapa kumtetea aliyedhulumiwa. Walioapa walikuwa washirikina. Naye, baada ya kuja Uislamu, aliyasifu mapatano yale, akasema kuwa lau angeitwa kwa mfano wake angeitika.

Wala kuhifadhi miti si jambo geni kwetu. Mtume aliifanya Madina kuwa haram, miti yake isikatwe. Sayyidna Abubakar aliliusia jeshi lake lisikate miti yenye matunda.

Basi tujiulize: amwogopaye mzimu huzuia shoka lake, amwogopaye Mwenyezi Mungu je? Ikiwa mtu ameondokewa na hofu ya mzimu, na isimwingie hofu ya kuulizwa juu ya amana, huyo hakuifahamu tauhidi. Amejipatia udhuru wa kuharibu. Miti hushika udongo na maji, na huvuta hewa ile inayozidisha joto la dunia. Ikimalizika, kisima cha Muislamu na cha jirani yake asiye Muislamu hukauka pamoja.

Na sisi wa mjini tusijitoe. Makaa ya meko yetu na boriti za nyumba zetu zina mahali zilikotoka. Anunuaye akijua kuwa mti umeibwa kaya ameshirikiana na mkataji katika dhambi. Tuulize kabla ya kulipa, na aliyenunuliwa ardhi ya kaya kwa hila asipate shahidi miongoni mwetu. Na vijana wetu tuwafunze kwamba mti wa kaya hauna uungu, lakini una Mola aliyeuumba, naye atatuuliza.

Wallahu aalam.