Mpishi Wetu Anataka Mwenye Saa

Wajukuu zangu,

Nimesikia mnataka kuchapisha fulana zenye picha ya binti yetu, mkodi ngoma na gari la vipaza sauti, mzunguke Mji wa Kale wote mkitangaza kwamba ameingia mashindano ya upishi. Jambo jema. Mcheza kwao hutuzwa, na asiyemshangilia wa kwao atamshangilia nani? Lakini mimi nimepika shughuli za watu hapa Mombasa tangu nikiwa kigori, najua mpishi anahitaji nini. Kabla pesa hazijafika kwa mchapishaji, kaeni kitako tuzungumze.

Itazameni kwanza desturi yenyewe ya kutuza. Mchezaji hutuzwa angali uwanjani, jasho linamtiririka. Hakuna anayengoja ngoma ivunjike ndipo ampelekee noti nyumbani. Binti huyu mwaka wa ngapi sasa anauza mahamri na mbaazi asubuhi, viazi karai jioni? Wangapi kati yenu hununua kwake? Na wanaonunua, wangapi hawasemi "niandikie, nitalipa mwisho wa mwezi", au "nipunguzie, mimi si jirani yako"? Anayejiandaa kushindana hana budi kupika chakula kile kile mara nyingi, akosee, amwage, aanze upya. Nazi za kukosea hununuliwa. Iliki na zafarani pale Marikiti hazitolewi kwa mapenzi. Basi msaada wa mwanzo ni kulipa madeni yenu, na kuanzia leo mlipe bei kamili. Na mwenye harusi mwezi huu asimwite kusimamia masufuria usiku kucha kwa jina la undugu, kisha amfungie sahani ya pilau ndiyo iwe ujira. Mkono mnaotaka ushinde ugenini ulipwe kwanza nyumbani.

La pili ni gumu zaidi kwenu, maana nyinyi ni watu wa adabu: mwambieni ukweli. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Majaji hawakulelewa naye, hawamjui mamake, wala hawakumbuki futari aliyowapelekea nyinyi. Watakachojua ni kilichomo sahanini. Akiwaonjesha biriani, msiseme "mashallah" mkafuta mikono mkaondoka. Mwambieni kama vitunguu vimepita kiasi vikaacha uchungu, kama wali umeshikana, kama tui la samaki wa kupaka limekatika. Mwambieni faraghani, si mbele ya wateja, na mkisema kibaya mseme na kizuri ili ajue cha kukiacha kama kilivyo. Kisha mtafutieni walaji wasioizoea ladha yetu: mwalimu aliyetoka bara, dereva wa lori anayepitia bandarini, mtu ambaye kwao nazi haiingii chunguni. Sisi hapa tunakula na kumbukumbu za utotoni. Wao wataonja chakula tu.

La tatu ndilo lililonifanya niwaite. Mnamkumbuka Hilda Baci, yule mpishi wa Nigeria? Mei 2023 alisimama jikoni Lekki, Lagos, akitaka kupika saa 100 mfululizo. Watu walijaa mchana na usiku wakiimba, hata gavana wa Lagos akaja kumtia moyo. Guinness wenyewe, wanaoandika rekodi za dunia, walisema tovuti yao ililemewa kwa siku mbili kwa wingi wa watu waliokuwa wakiifungua. Mashabiki gani zaidi ya hao? Hata hivyo, hesabu ilipokaguliwa, zilikatwa karibu saa saba. Kanuni zinampa mpishi dakika tano za kupumzika kwa kila saa anayopika, na anaweza kuzilimbikiza. Hilda, mapema kabisa katika safari yake, alijichukulia kimakosa dakika zaidi ya alizokuwa nazo katika pumziko moja. Akaandikiwa saa 93 na dakika 11. Bahati yake bado zilitosha kuvunja rekodi. Lakini fikirini: umati wote ule haukuweza kumrudishia zile saa saba, na mtu mmoja mwenye saa na kalamu angeweza kuziokoa.

Na sisi tuna ya kwetu. Agosti 2019, Maliha Mohammed alipika hapa hapa Mombasa kwa saa 75, wakati rekodi iliyokuwapo ilikuwa ya Mmarekani Rickey Lumpkin, saa 68 na nusu. Mji ulimshangilia, na alistahili. Lakini Hilda alipoingia jikoni, rekodi aliyoikuta mbele yake haikuwa ya Mombasa. Ilikuwa ya Lata Tondon wa India, saa 87 na dakika 45, naye aliiweka mwaka ule ule wa 2019. Shangwe za mji ni zetu sisi. Daftari la wenye mashindano lina kanuni zake.

Kwa hiyo gawaneni kazi. Mmoja azisome kanuni za mashindano mstari kwa mstari, amsomee na mpishi mwenyewe, kwa maana anayekaanga hana nafasi ya kusoma. Mwingine ashike saa siku za mazoezi, aandike kila chakula kimechukua dakika ngapi tangu kisu kiguse kitunguu mpaka sahani ifutwe ukingo. Wa tatu asimame kama jaji mkali: meza ni safi? Mabaki ni mengi? Sahani ya kwanza na ya nne zinafanana? Wawili wenye pikipiki wadamke kwenda kuchagua samaki. Na dada mmoja akae na watoto wa mpishi siku hizo, maana mama hawezi kupima chumvi huku sikio liko kwa mtoto anayelia. Hakuna kati ya hao atakayepigwa picha gazetini. Hao ndio wenye ushindi.

Sasa kura. Mashindano ya siku hizi huomba watu wapige kura kwa simu. Kama kura ni moja kwa kila mtu, pigeni, na mkawafundishe wazee wenu kupiga. Msifungue majina ya uongo, maana ikijulikana, aibu itamwangukia yeye, si nyinyi. Na kama kura zinauzwa, ulizeni kwanza pesa zinakwenda wapi. Mara nyingi mashindano ya namna hiyo hupima mifuko ya jamaa, hayapimi chungu cha mtu. Shilingi hizo afadhali zimnunulie gesi na kisu kizuri. Mchango wowote mtakaokusanya uwe na mweka hazina na daftari, na hesabu isomwe hadharani kila Ijumaa. Nimeona mitaa ikigombana kwa mchango kuliko ilivyogombana kwa urithi.

Wala msimtukane mshindani wake. Mama zetu hapa Mombasa walikuwa na vyama vya ngoma ya lelemama, Ibinaal Watan upande huu na Banu Saada upande ule, na kila upande ukitaka kuupiku mwingine kwa mavazi, kwa nyimbo na kwa karamu. Ushindani ule ulinoa vipaji. Ulikula pia mali za watu, na mafumbo yaliyoimbwa uwanjani yaliwafuata watu majumbani. Chukueni lile la kunoa, hili jingine liacheni. Huyo mpishi wa Kisauni au wa Tanga mnayetaka kumkejeli kwenye simu huenda mwakani akawa ndiye anayempa binti yetu kazi.

La mwisho, jiandaeni kwa siku ya pili yake. Akishinda, jueni ushindi ni kitu cha kupita. Rekodi ya Hilda ilithibitishwa Juni 2023, na Novemba ya mwaka huo huo ikachukuliwa na Alan Fisher, mtu wa Ireland aliyepikia Japani kwa karibu saa 120. Hilda hakukunja mikono. Mwaka 2025 alirudi na sufuria moja ya wali wa jollof wenye uzito wa kilo 8,780, akaingia vitabuni upya. Aliweza kwa sababu mkono ulikuwa bado wake na watu walikuwa bado wananunua kwake.

Na akishindwa, msimpelekee pole za msiba wala hadithi za majaji waliohongwa. Mleteeni maelezo ya majaji, mkae naye mjue alipoteza alama wapi, muanze mazoezi ya mwaka unaofuata. Asubuhi yake mpange foleni mbele ya karai lake kama jana, na pesa mkononi.

Ngoma sijawakataza. Ipigeni siku ya mashindano, ipigeni kwa nguvu, nami mkinipa kiti nitakuja kuisikiliza. Lakini kabla ya fulana, nileteeni jina la atakayeshika saa.